Ada ya Usafi Haimpi Mgeni Ruhusa ya Kuacha Jaa

Hotuba kwa wenye nyumba, wasimamizi, wasafishaji na majirani wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya

Wazee wetu, akina mama, vijana wa mikokoteni na tuktuk mlioacha kazi asubuhi hii, majirani, na nyinyi wenye nyumba mliovuka Likoni kuja kukaa nasi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya wageni wanaokodi nyumba zetu kwa siku chache, na taka wanazoacha. Kazi yangu ni kusimamia nyumba hizi, na kabla ya kuzisimamia nilizipiga deki. Kwa hiyo nitasema wazi, na kuna watakaokereka, wakiwemo marafiki zangu wa karibu.

Tuanze na muda. Nyumba nyingi hapa kwetu mgeni hutoka saa nne asubuhi, na mwingine anaingia saa nane mchana. Katika nafasi hiyo dada mmoja, mara nyingine wawili, wanavua shuka na foronya, wanasugua choo na bafu, wanafuta friji na jiko, wanafagia mchanga, wanapiga deki, wanahesabu vikombe, wanatandika upya, wanaweka sabuni na taulo. Hiyo ndiyo kazi waliyoitiwa. Sasa fungua mlango ukute jikoni pana mifuko ya taka imejazana, kila kitu kimechanganywa humo: magamba ya kamba, maganda ya embe, pampasi, chupa za bia, mchuzi uliochacha. Mmoja umepasuka chini na maji yake yameshafika kwenye zulia. Nusu ya muda inaishia hapo hapo, kabla hata shuka moja haijavuliwa. Saa nane mgeni mpya anafika, sakafu bado mbichi, harufu bado ipo. Anaandika malalamiko. Nyota za nyumba zinashuka, mwenye nyumba anapiga simu kwa hasira, na anayekatwa ujira ni dada aliyepiga deki, wakati aliyeacha uozo yuko ndani ya treni anarudi Nairobi bila habari.

Neno langu la leo ni hili. Ada ya usafi anayotozwa mgeni inalipia uchafu wa kuishi. Uchafu wa kupuuza haumo.

Uchafu wa kuishi ni mchanga wa ufukweni sakafuni, shuka zilizolaliwa, nywele bafuni, alama za vidole kwenye kioo, tone la kahawa mezani. Binadamu akikaa mahali huacha hayo, na hakuna anayemlaumu. Uchafu wa kupuuza ni sufuria yenye ugali wa juzi ulioota ukungu, pampasi zilizokunjwa zikaachwa barazani, vichungi vya sigara kwenye chungu cha maua, glasi iliyovunjika ikasukumwa chini ya kitanda kwa mguu. Hivyo vyote mtu angeviondoa kwa mkono wake, kwa dakika chache, siku ile ile vilipotokea. Kuviacha ni kumhamishia kazi mtu asiyemjua, tena kwa kazi iliyokwisha kuwa kubwa mara kumi kwa sababu ya joto letu hili. Jua la Diani halisubiri. Kichwa cha samaki kilichotupwa jioni, kesho adhuhuri kina funza.

Najua kuna mzee hapa atanikumbusha kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Lakini mgeni wa methali ile alikula na kulala bure, na jembe lilikuwa la kumsaidia mwenyeji aliyemlisha. Huyu wetu amelipa kitanda, amelipa umeme, amelipa na usafi juu yake. Ukimtaka avue shuka azifue, apige deki na kumwagilia maua kabla ya saa nne, umemdhulumu. Na wapo wanaofanya hivyo. Wanatoza ada, kisha wanabandika kwenye friji karatasi ya kazi kana kwamba mgeni ameajiriwa.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Marekani ulipamba moto miaka michache iliyopita, wageni wakichoka kutozwa ada kubwa ya usafi halafu wakapewa na kazi juu. Novemba 2022 Airbnb, kampuni ya kupangishia nyumba kwa mtandao, ikatangaza kwamba mgeni asibebeshwe kazi zisizo za haki wakati wa kuondoka, kama kuvua shuka, kufua au kupitisha mashine ya kunyonya vumbi. Lakini ni sawa kumwomba azime taa, atupe chakula kilichobaki, na afunge mlango. Kanuni zake kwa wageni zinasema pia kwamba nyumba isiachwe katika hali ya kuhitaji usafi wa kupita kiasi, mfano vyombo vilivyoota ukungu au mazulia yaliyochafuliwa, na kwamba ada ya usafi ni ya ule usafi wa kawaida kati ya mgeni mmoja na mwingine. Naukubali mpaka huo wote. Mwenye kupangisha kupitia kampuni hiyo ameshaukubali hata kama hajausoma, na mgeni vile vile.

Ila mpaka huo unafaa zaidi mji ambao gari la taka hupita kwa ratiba na pipa lina kifuniko kizito. Hapa kwetu kutupa kwenye pipa hakumalizi kazi, na mgeni hawezi kujua hivyo mpaka tumwambie sababu. Naomba mnivumilie niseme sababu hizo kwa kirefu, maana ndizo zinazombadilisha mtu. Amri peke yake haimbadilishi.

Diani imejengwa ndani ya masalia ya msitu wa pwani. Mnaziona zile ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ya ufukweni. Zimewekwa ili mbega na wenzake wavuke bila kugongwa na magari. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa hapa hapa mwaka 1997, limeifanya kazi hiyo miaka yote hii. Mbega mwenyewe hana haja na pipa lako. Anakula majani, tumbo lake limeumbwa kusaga majani, na mgeni anayemrushia mkate kwa ajili ya picha anamdhuru. Lakini tumbili, kima na nyani wanakula karibu kila kitu, na wana akili. Mgeni akifunga mfuko wake vizuri akauacha barazani usiku, alfajiri umeshapasuliwa na takataka zimetapakaa hadi kwa jirani. Kuna mifuko iliyofungwa mafundo mawili, ikafunguliwa fundo kwa fundo.

Mnyama akishaonja kuku wa kukaanga kutoka kwenye mfuko wako, hana tena sababu ya kuhangaika na matunda ya mwituni. Atarudi kesho, na asipokuta mfuko atajaribu dirisha la jikoni. Hapo ndipo tunapoanza kusema nyani wa Diani wameharibika. Anapigwa mawe, anafukuzwa kwa mbwa, anawekewa sumu, naye alichofanya ni kufuata harufu tuliyomtolea nje sisi wenyewe. Mama jirani asiye na chumba hata kimoja cha kupangisha ndiye anayepokonywa ndizi mkononi na mtoto wake kuogopeshwa njiani. Yeye hakupokea hata senti ya ada ya usafi. Nikiwaza jambo la kuwauma wenye nyumba usingizini, ni hilo.

Kunguru nao ni hadithi ya namna hiyo. Huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo amejaa pwani yote. Anaishi kwa mabaki yetu, na anakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Mapema mwaka 2024 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Sumu itapunguza idadi. Lakini mapipa yakibaki wazi, watakaosalia watakula, watataga, na tutarudi pale pale.

Halafu tuangalie chini ya miguu. Tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hili lina matundu na nyufa. Makaro ya vyoo yamechimbwa humo, na visima vyetu vimechimbwa humo humo. Pedi, pampasi, na vile vitambaa laini vya kufutia watoto vikitupwa chooni, karo linaziba na kufurika, na maji yake yanatafuta njia ya kwenda chini, ambako ndiko maji ya kuogea na kufulia yanakotoka. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa kwenye sinki huganda kwenye bomba. Mgeni aliyezoea mabomba ya mjini kwao haoni ubaya wowote, na sisi hatumwambii kwa sababu tunaona haya kutaja choo. Tutaje. Kijikaratasi chenye mchoro ukutani juu ya choo, na kipipa chenye kifuniko pembeni, vinagharimu kidogo kuliko lori la kunyonya karo.

Na vifuu vya madafu. Kila mgeni anapenda dafu, na vifuu vinaachwa bustanini. Mvua ikipita vinashika maji, na mbu anayeeneza homa ya dengue huzaa kwenye maji machache kama hayo: kifuu, kopo, kikombe kilichosahauliwa kando ya bwawa. Mombasa ililipukiwa na dengue mwaka 2017, na mbu yule huuma mchana, wakati neti imekunjwa. Vifuu vipinduliwe kifudifudi siku ile ile, au vipasuliwe vikauke.

Nije kwa vijana wa mikokoteni. Kuna kijana mmoja wa kuzoa taka hapa mtaani alishika mfuko uliofungwa vizuri kabisa, msafi kwa nje, akaunyanyua begani. Ndani palikuwa na glasi iliyovunjika. Kiganja kilipasuka, akakaa nyumbani bila kazi, na kwa mtu anayelipwa kwa siku mnajua maana yake. Mgeni yule hakuwa mtu mbaya. Aliokota vipande vyote asije akakatwa mtoto, akavitia kwenye mfuko, akafunga. Alimfikiria kila aliyemwona, na hakumfikiria aliyemfuata baada ya mlango. Vipande vya glasi vifungwe kwa gazeti au viwekwe ndani ya boksi, boksi liachwe kando, na mtu aambiwe. Nyembe ni hivyo hivyo. Wageni wenye kisukari wanaojidunga sindano waombwe kwa heshima waziweke sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, wamkabidhi msimamizi. Mtu haoni aibu akiulizwa kwa upole kabla ya kufika. Anaona aibu sindano ikikutwa kwenye foronya.

Sheria nitaipitia upesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mgeni anayetua na mfuko wa dukani kutoka kwao lazima ajulishwe kabla hajasafiri. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumika mara moja na mirija haviruhusiwi kwenye mbuga, fukwe, misitu na maeneo mengine ya hifadhi, kwa hiyo anayetoka kwako kwenda Shimba Hills au Kisite-Mpunguti mpe chupa ya kujaza. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, za kuoza mbali na zisizooza, kwenye vyombo vyenye alama na rangi. Kuzoa taka ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na tuna haki ya kuidai kazi hiyo kwa sauti. Lakini kaunti haiwezi kutenganisha kilichokwisha kuchanganywa jikoni kwangu.

Kwa nini nasisitiza kutenganisha? Kwa sababu chupa kavu ni mali. Kuna watu wetu wanaoishi kwa kuuza chupa za plastiki kwa kilo, makopo kwa watu wa skrepa, chupa za soda na bia kurudishwa dukani. Mara tu chupa hizo zinapolowa mchuzi wa samaki na maji ya pampasi, zimekuwa taka za jaa. Maganda na mabaki yakiwa peke yake ni mbolea ya migomba, au yanafukiwa bustanini kina cha kutosha nyani wasiyafukue. Yakichanganywa hayafai kwa lolote, na mwisho wake tunaujua, maana moshi wake tunaunusa jioni: yanapelekwa nyuma ya ploti na kuchomwa, plastiki na yote. Moshi ule unaingia vyumbani mwa watoto. Tuache kuchoma. Nasema na nyinyi wasimamizi wenzangu, maana kiberiti kiko mikononi mwetu, mgeni hana habari nacho.

Sasa nigeukie wenye nyumba, na hapa naomba subira.

Hatuwezi kumdai mgeni kile ambacho nyumba haikumwezesha. Nyumba ya kulala watu wanane ina kipipa kimoja cha plastiki chini ya sinki, kimejaa kabla ya chakula cha mchana cha kwanza. Mgeni afanye nini? Anaanza kupanga mifuko sakafuni. Jikoni pawe na vyombo viwili vikubwa vyenye vifuniko, kimoja cha vya kuoza na kimoja cha vikavu, vikiwa na picha juu yake, na mifuko ya akiba mahali pa kuonekana. Nje pawe na kibanda cha taka cha matofali au mbao nzito, chenye mlango wa wavu wa chuma na komeo la kuzungushwa. Komeo la kusukuma tu nyani analijua. Kibanda hiki si gharama ya anasa. Kwa Diani kinatakiwa kihesabiwe pamoja na paa na choo.

Taka nyingi za mgeni zinaanzia kwenye kile asichokikuta ndani. Ukiweka dumu la maji ya kunywa la lita 20 na pampu yake, hatanunua katoni za chupa ndogo. Ukitundika kikapu cha ukindu nyuma ya mlango, atakwenda nacho sokoni Ukunda. Ukiacha chumvi, sukari, majani ya chai na mafuta kidogo kwenye vyombo vyenye vifuniko, hatanunua pakiti kubwa za kila kimoja ili atumie kijiko. Na wavuvi wanapoleta kamba au pweza mlangoni, waombwe wasafishe huko huko waliko. Magamba yaliyobaki yatiwe kwenye kopo ndani ya friza mpaka siku ya mzoaji. Mgeni akielezwa hili la friza huwa anafurahi kulijua.

Halafu siku. Mgeni anaondoka Jumapili, mzoaji anapita Jumanne. Siku hizo mbili ni za mwenye nyumba. Si za mgeni, na si za dada wa usafi. Nimesikia msimamizi akimwambia mgeni abebe mifuko yake kwenye gari aende akaitupe njiani. Mnafikiri ataitupa wapi? Ataitupa pale barabara inapopita porini, karibu na kaya zetu, misitu ya wazee ambayo tangu 2008 dunia nzima imeitambua kuwa urithi. Mgeni akishafunga taka zake kama tulivyokubaliana na kuzitia kibandani, amemaliza. Kuanzia hapo ni sisi.

Maelekezo nayo. Karatasi ya Kiingereza ya kurasa mbili kwenye kabati haisomwi na mtu. Wageni wetu ni Wajerumani, Waitaliano, Wapolandi, na zaidi ya wote ni Wakenya wenzetu, na sijui kwa nini tunamwandikia mtu wa Nakuru kwa lugha ya hoteli. Tuma ujumbe mfupi siku moja kabla hajafika. Mimi huandika hivi, na mnaweza kuuchukua kama ulivyo: “Karibu sana Diani. Nyumba yetu iko kwenye msitu wenye nyani na tumbili, kwa hiyo tafadhali usiache chakula wala taka barazani. Maganda na mabaki yana chombo chake, chupa na karatasi zina chake. Jioni mpe askari mifuko iliyojaa, ataiweka kibandani. Kitu kikivunjika au kumwagika tuambie mapema, hatutakugombeza. Shuka na deki tuachie sisi.” Hilo la mwisho msilitoe. Mgeni akiona umempunguzia kisicho chake, anashika kwa moyo kilicho chake.

Wapo ambao hata baada ya hayo wataacha jaa. Nyumba ya watu wanne wanaingia kumi na tano, muziki mpaka alfajiri, na asubuhi huwezi kuvuka sebule. Kabla hamjagusa kitu, pigeni picha, chumba kwa chumba. Mwandikieni siku ile ile, kwa adabu, mkitaja kilichokutwa na kazi ya ziada iliyofanyika. Airbnb inatoa siku 14 baada ya mgeni kuondoka kuwasilisha dai, na bila picha dai halina miguu. Wanaokuja kwa njia ya simu na WhatsApp, chukueni amana, na masharti yaandikwe kabla ya pesa kutumwa: kipi kitakatwa, kwa sababu gani. Amana isigeuke mtego. Anayemkata mgeni kwa sababu ya mchanga bafuni anatuharibia jina sote, na mgeni yule akirudi kwao atasema nyumba za Diani ni za wezi.

Na hiyo pesa ya ziada ikipatikana, ni ya nani? Nimefika mahali penyewe. Ada anayotozwa mgeni na ujira anaopewa aliyesafisha, kwenye nyumba nyingi, havikaribiani. Dada analipwa kiwango kile kile awe ametoa mchanga wa watu wawili au ametoa funza wa watu kumi na tano. Hana glavu. Hana dawa zaidi ya ile aliyoiomba kwa jirani. Nyani akipasua mfuko, anaitwa arudi kufagia bure. Tunawezaje kumwambia mgeni amheshimu mtu ambaye sisi wenyewe hatumheshimu? Mgeni anaona. Anaona dada anaingia na tambara lililochanika, anajifunza kutoka kwetu jinsi ya kumhesabu. Pesa ya uchafu wa kupuuza ikirudi kutoka kwa mgeni, kwanza imlipe aliyeuondoa na aliyeubeba, kisha ndiyo mwenye nyumba ahesabu zulia lake.

Nina neno pia kwa mgeni, maana hata sisi tuliomo humu tukienda Nairobi au Unguja tunakuwa wageni wa watu. Chakula kilichobaki hakijafunguliwa, unga, mchele, mafuta, muulize dada au askari kama anakihitaji, kabla ya siku ya kuondoka, umkabidhi mkononi. Ni jambo jema na wengi hufurahi. Lakini wali uliolala siku mbili kwenye sufuria usimwachie ukauita zawadi. Utupe wewe mwenyewe, uloweke sufuria. Pampasi zifungwe peke yake. Watoto waonyeshwe chombo cha taka siku ya kwanza kama wanavyoonyeshwa bwawa. Watoto hushika upesi kuliko wazazi, na mara nyingi wao ndio watakaomkumbusha baba.

Desemba haiko mbali. Embe zitaiva, treni zitajaa, na kila nyumba itakuwa na watu. Nina maombi mawili ya kuamuliwa leo kabla hatujatawanyika. La kwanza, kila nyumba ya kupangisha kwenye mtaa huu iwe na kibanda cha taka chenye wavu kabla ya msimu kuanza, na wenye ploti ndogo zilizopakana wachangie kimoja. Fundi wa kuchomelea yupo hapa nyuma, ameshaniambia yuko tayari kupima. La pili, tupange kiwango cha malipo ya ziada kwa nyumba iliyoachwa katika hali mbaya, kiwango kimoja kinachojulikana na wote, kimsomewe mgeni kabla hajalipa na kimfikie msafishaji siku hiyo hiyo.

Kiwango hicho sitakitaja mimi. Wapo dada zetu hapa mstari wa mbele ambao mikono yao ndiyo inayoijua kazi. Wanasema walikaa jana wakapiga hesabu. Waanze wao, na nawaomba wenye nyumba wasikatize mpaka watakapomaliza. Baada yao ni vijana wa mikokoteni, kisha maswali. Dada, simama, chukua kipaza sauti. Ahsanteni.